Viwanda vya Stalin: ilikuwa lazima watu wafe njaa ndio Urusi ipate chuma?

Kiberiti #1
Wakuu salama? Nataka tujadili hili kwa hoja, matusi tuyaache nje.

Februari 1931 Stalin aliwaambia mameneja wa viwanda kwamba nchi yao iko nyuma ya mataifa yaliyoendelea kwa miaka 50 hadi 100, na hilo pengo walizibe ndani ya miaka 10, la sivyo watapondwa. 1931 ongeza 10 unapata 1941, mwaka uleule Hitler alivuka mpaka. Sasa angalia kilichofanyika hapo katikati. Chuma cha pua mwaka 1928 walikuwa wanatoa tani milioni 4.3, mwaka 1937 wakatoa milioni 17.7. Makaa ya mawe yalitoka tani milioni 35 yakafika 128. Bwawa la umeme la Dnieper, kiwanda cha matrekta Stalingrad, mji mzima wa chuma Magnitogorsk uliojengwa porini huko milima ya Ural.

Najua njaa ya 1932-33 iliua mamilioni, sikatai wala siifichi. Ila msimamo wangu ni kwamba bila zile mbio Wajerumani wangeingia Moscow, na walichopanga kuwafanyia Waslavi tunakijua. Hata Churchill ambaye aliuchukia ukomunisti alikiri kwamba Stalin aliikuta Urusi inalima kwa plau za mbao akaiacha na nyuklia. Anayepinga aje na njia nyingine ambayo ingetoa vifaru kufikia 1941.

Mama Tunu #2
Uzi mzuri, naweka mkeka. Ila hapo kwenye "mamilioni" mwanangu usipite mbio hivyo.

Mzee wa Tarakimu #3
Kiberiti, hayo maneno si ya Churchill. Ni ya Isaac Deutscher, mwandishi wa wasifu wa Stalin, aliyaandika Stalin alipofariki Machi 1953, na watu wamekuwa wakimbandika Churchill mpaka leo.

Halafu hii habari ya plau za mbao inawadanganya wengi. Urusi ya Tsar ilikuwa na wakulima maskini kweli lakini ilikuwa pia na reli ya Siberia, ilikuwa na viwanda vya Putilov pale St. Petersburg, na Donbass, mashariki mwa Ukraine, walikuwa wanayeyusha chuma tangu miaka ya 1870 alipoenda yule Mwelsi John Hughes. Hizo tani milioni 4.3 za 1928 ni karibu sawasawa na za 1913. Maana yake miaka 15 iliishia kwenye vita, mapinduzi, vita vya wenyewe kwa wenyewe na kujikongoja kurudi walipokuwa. Stalin hakuanza na uwanja mtupu, alikuta migodi, alikuta mafundi, alikuta wahandisi waliosoma, na baadhi ya hao wahandisi aliwapiga risasi. Palchinsky, mhandisi wa madini aliyekuwa anapinga miradi ya kujionyesha isiyopigiwa hesabu, aliuawa 1929.

Kuhusu waliokufa, Ukraine peke yake makadirio mengi yanaangukia kati ya milioni 3.5 na 3.9. Kazakhstan kama milioni 1.5. Hapo hujagusa Kuban na Volga, mikoa ya nafaka ya Urusi yenyewe.

Kijana wa Ngarenaro #4
Mi nipo na Kiberiti. Uingereza waliendelea kwa jasho la watumwa na pamba ya watumwa, mbona hakuna anayefungua uzi kuuliza kama ilikuwa lazima? Kila nchi iliyojenga viwanda kuna mtu alilia. Tofauti ni kwamba Warusi walilizana wenyewe kwa wenyewe na wakamaliza kwa miaka 10, Waingereza walichukua miaka 150 na waliolia ni sisi.

MkulimaWaIsmani #5
Kijana hoja yako naielewa lakini twende taratibu kwenye ngano maana mimi mkulima na hapo ndipo panaponiuma.

Mashine zilinunuliwa nje kwa fedha za kigeni, na fedha za kigeni zilitoka kwenye nafaka, mbao na mafuta. Mwaka 1930 walisafirisha nje nafaka tani milioni 4.8, mwaka 1931 wakapandisha mpaka milioni 5 na ushee, na huo wa 1931 mavuno yalikuwa mabaya. Mbaya zaidi wakati huohuo dunia ilikuwa kwenye ule mdororo mkubwa, bei ya ngano imeporomoka kuliko bei ya mashine, kwa hiyo ili ununue mashine ileile inabidi utoe magunia mengi zaidi ya uliyotoa mwaka jana, na hayo magunia ya ziada yanatoka kwenye ghala la nani? La mkulima ambaye ameshanyang'anywa ng'ombe akaingizwa shamba la pamoja. Hata 1932 watu wameshaanza kufa bado ziliondoka tani zaidi ya milioni 1.5.

Halafu Agosti 7, 1932 ikatoka sheria ya kulinda mali ya ujamaa, ukiokota masuke shambani baada ya mavuno ni risasi, na ukionewa huruma ni miaka 10 kambini. Sisi huku kuokota masalia baada ya kuvuna ni haki ya wajane na watoto tangu enzi za mababu. Nikisoma hiyo sheria siwezi kuiita mpango wa maendeleo.

fundi_welda #6
Mimi nipo kwenye kiwanda cha nondo miaka mingi, siasa niwaachie, nichangie upande wa tanuru.

Tanuru jipya lina matofali ya kuhimili moto ndani yake, yana unyevu, na hayo unayakausha polepole kwa siku kadhaa, moto unapandishwa kidogokidogo. Ukiwa na haraka unyevu unageuka mvuke ndani ya tofali, linapasuka, na likishapasuka chuma kikiyeyuka kinatafuta njia ya kutoka. Mabomba ya maji ya kupozea nayo hayapendi kuganda. Sasa pale Magnitogorsk tanuru la kwanza liliwashwa mwishoni mwa Januari 1932, baridi ya Ural hiyo, Wamarekani wa kampuni ya McKee waliokuwa washauri wakasema subirini bado, wakubwa wakataka tarehe yao. Likawashwa. Haikuchukua muda likazimwa kwa matengenezo.

Huo ndio ugonjwa wa kukimbizana na tarehe. Stalingrad ni hivyohivyo, kiwanda cha matrekta kilifunguliwa Juni 1930 kwa shangwe, mpango ulikuwa matrekta elfu 2 ndani ya miezi mitatu ya kwanza, yaliyotoka hayakufika 50 na mengi yalikuwa mabovu. Kwa nini? Mashine zipo mpya kabisa kutoka Marekani ila anayezishika ni kijana aliyeshika bolti kwa mara ya kwanza wiki iliyopita. Fundi hatengenezwi kwa amri wakuu.

Kiberiti #7
Fundi umeandika vizuri mno ila malizia stori. Kiwanda kilekile cha Stalingrad miaka miwili baadaye kilikuwa kinatoa matrekta zaidi ya 100 kwa siku. Yule kijana wa bolti akawa fundi. Kama wangesubiri mpaka wapate mafundi kamili wangeanza lini?

Bwana Reli #8
Naomba niwatoe kidogo kwenye Stalin maana naona mnampa sifa na lawama zote peke yake. Kiwanda cha Stalingrad kilichorwa na Albert Kahn wa Detroit, vyuma vya jengo vikaundwa Marekani vikapakiwa melini. Kiwanda cha magari cha Gorky ni mkataba na Ford wa 1929, lile lori lao maarufu la tani moja na nusu ni Ford AA kwa jina la Kirusi. Dnieper mshauri mkuu alikuwa Hugh Cooper, Mmarekani, akapewa na nishani. Magnitogorsk ilikuwa inaiga Gary, Indiana, mji wa chuma wa Marekani. Maelezo yangu ni kwamba kilichofanya mbio ziwezekane ni ile bahati ya 1929, Marekani imeanguka, wahandisi hawana kazi, kampuni zinatafuta mteja yeyote. Serikali yoyote ya Urusi iliyokuwa na fedha mkononi ingenunua.

Na kitu kimoja cha reli. Magnitogorsk ilikuwa na mlima wa madini ya chuma lakini makaa ya mawe haina. Makaa yalikuwa yanatoka Kuzbass, Siberia, kama kilomita 2,000. Behewa linakwenda na madini linarudi na makaa. Kwa gharama ya soko huo mradi unaukataa asubuhi tu.

Kijana wa Ngarenaro #9
Bwana Reli huo mradi ambao soko lingeukataa ndio uliookoa nchi. Wajerumani walipochukua Donbass na Ukraine yote 1941 chuma kikabaki kinatoka wapi? Ural. Viwanda zaidi ya 1,500 vilifunguliwa bolti vikapakiwa treni vikapelekwa mashariki, Chelyabinsk watu wakaiita mji wa vifaru. Kama wangefuata gharama ya soko kila kitu kingebaki Donbass na kingeangukia mikononi mwa Hitler. Hapa umejipiga bao mwenyewe kaka 😂

Bwana Reli #10
Bao la kuotea hilo. Wakati wa vita Marekani ilileta magari zaidi ya laki 4 na vichwa vya treni karibu elfu 2, jeshi la Soviet lilifika Berlin limepanda malori ya Kimarekani ya Studebaker.

Mzee wa Tarakimu #11
Mengi ya hayo yalifika kuanzia 1943. Wajerumani walizuiwa Moscow Desemba 1941, msaada ulikuwa haujashika kasi. Nampinga Kiberiti kwenye mengi lakini hapa lazima niwe mkweli.

Dokta Mstaafu #12
Habari zenu. Nilisoma Kharkov miaka ya 80, tulikuwa Waafrika wengi pale. Nitaeleza kitu kimoja halafu nitakaa nisome.

Hosteli yetu mlangoni alikuwa anakaa bibi mmoja wa kulinda, mkali, lakini alinipenda kwa sababu nilikuwa namwamkia kila nikipita kama ninavyomwamkia bibi yangu. Enzi hizo njaa ya 1933 haikuongelewa, haikuwa kwenye vitabu vya shule. Siku moja tumebaki wawili akaniambia kwamba mama yake alikuwa na hereni za dhahabu na pete ya ndoa, na mwaka huo wa njaa serikali ilikuwa na maduka yanaitwa Torgsin, ambayo ndani yake unga upo, sukari ipo, siagi ipo, ila rubli, hela yao ya kawaida, haipokelewi, inapokelewa dhahabu, fedha au hela ya kigeni. Mama akazipeleka. Yule mtu wa mzani akachukua koleo, akang'oa vijiwe kwenye hereni kwa sababu vijiwe havina bei, akapima dhahabu tupu, akaandika karatasi. Kwa karatasi hiyo wakapewa unga, na ndio waliopona. Mdogo wake hakupona.

Hiyo dhahabu ya hereni ilikwenda kununua mashine nje. Sisi tulisomeshwa bure na nchi hiyohiyo, nikapewa chakula, koti la baridi na taaluma ambayo nimetibu nayo watu maisha yangu yote. Ninaishukuru. Na yule bibi ninamwamini.

Mama Tunu #13
Dokta ahsante sana, Mungu amrehemu huyo bibi na mdogo wake.

Niongezee upande ambao wanaume mmeuruka. Wanawake. Kufikia 1940 karibu asilimia 40 ya wafanyakazi wa kuajiriwa walikuwa wanawake, wakati 1928 walikuwa kama robo. Kusoma na kuandika sensa ya 1926 ilionyesha asilimia 57 kwa wenye umri wa miaka 9 hadi 49, ya 1939 ikaonyesha 87, na ongezeko kubwa ni wasichana wa vijijini. Binti aliyekuwa aozwe kijijini akaenda mjini akawa fundi umeme, akapata mshahara wake, mtoto akapelekwa chekechea ya kiwanda. Hilo ni jambo kubwa na silibezi. Ila huyohuyo binti alikuwa analala bwenini wamepanga vitanda kama samaki, mkate kwa kadi ya mgao tangu 1929 mpaka mwanzoni mwa 1935, akitoka zamu anaanza zamu nyingine ya foleni. Na mshahara wake ukiupima kwa vitu unavyoweza kununua ulishuka karibu nusu kati ya 1928 na 1932. Kwa hiyo aliyelipa siyo mkulima peke yake.

Mzee wa Tarakimu #14
Mama Tunu umefungua mlango niliokuwa nautafuta.

Watu wengi wanaamini kijiji kilikamuliwa, mjini pakajengwa, basi. Preobrazhensky, mchumi wa chama, ndivyo alivyokuwa anapendekeza miaka ya 20, Bukharin, kiongozi mwenzake, akampinga akasema mwacheni mkulima atajirike kwanza atanunua bidhaa za viwanda. Wote wawili Stalin aliwaua, mmoja 1937 mwingine 1938. Lakini miaka ya 60 mchumi wa hukohuko Soviet, Barsov, akakaa na hesabu akagundua kijiji hakikutoa ziada kama tunavyodhani. Sababu ni mifugo. Mkulima alipoambiwa ng'ombe na farasi wake ni wa shamba la pamoja alichinja akala, au walikufa kwa kukosa malisho. Farasi walikuwa kama milioni 34 mwaka 1929, 1933 hawafiki milioni 17. Sasa farasi ndiye injini ya kulimia. Kwa hiyo sehemu kubwa ya yale matrekta ya Stalingrad na Kharkov yalikuwa yanaziba pengo la farasi walioliwa, yaani unatumia chuma, mafuta na fedha za kigeni kurudisha nguvu uliyokuwa nayo bure miaka minne nyuma.

Kama Barsov yuko sahihi basi ukatili kwa wakulima haukulipia viwanda vingi hivyo.

MkulimaWaIsmani #15
Tarakimu hapo nakupinga kidogo. Kijiji hakikutoa ziada ya thamani, sawa, lakini kilitoa watu. Njaa na kufukuzwa ndivyo vilivyojaza viwanda. Wale walioitwa makulaki, yaani wakulima wenye nacho, watu kama milioni 1.8 walihamishwa kwa nguvu 1930 na 1931 tu, wengi wakapelekwa Ural na Siberia, na Magnitogorsk hiyohiyo ilijengwa na maelfu yao wakiwa kwenye mahema. Usiangalie magunia tu, angalia mikono.

Otis_Kisumu #16
Na wakishatoka, mlango unafungwa. Desemba 1932 walianzisha pasipoti ya ndani, mtu wa mjini anapewa, mkulima wa shamba la pamoja hapewi, na Januari 1933 ikatoka amri ya kuzuia wakulima wa Ukraine na Kuban kutoka kwenda kutafuta chakula. Babu zangu hapa Kenya walivaa kipande shingoni cha mkoloni, ukikamatwa nje ya eneo lako huna kibali unalala ndani. Nilikua nikiambiwa hiyo ni tabia ya mabepari. Kumbe hapana.

Naipanoi #17
Nimesoma wote na hakuna aliyekaa na Wakazakhi, Tarakimu kawataja mstari mmoja akapita.

Mimi ni wa jamii ya wafugaji. Wale watu walikuwa wanahama na mifugo kufuata majani kwenye nyika ambayo mvua yake haitabiriki, na hiyo kuhama ndiyo elimu yenyewe. Serikali ikawaambia tulieni mahali pamoja, leteni mifugo ihesabiwe, nyama ipelekwe Moscow na Leningrad. Mifugo kama milioni 40 ikabaki chini ya milioni 5. Zaidi ya theluthi ya Wakazakhi wote wakafa, wengine wakakimbilia China, wakawa wachache ndani ya nchi yao wenyewe kwa miaka mingi. Kiberiti aniambie, hawa kufa kwao kulitoa kifaru gani? Mfugaji wa Kazakhstan hakuwa na ngano ya kuuza London.

Kiberiti #18
Naipanoi swali lako nimelisoma na sitalijibu kwa mkato. Kazakhstan naona kabisa ni uharibifu usio na faida kwa yeyote, hata ukiwa upande wa Stalin. Hoja yangu naibana hivi: tenganisha viwanda na mashamba ya pamoja. Viwanda ndio, kasi ndio, mipango ndio. Kolkhozi, yaani hayo mashamba ya pamoja, na kulazimisha watu ilikuwa kosa.

Mzee wa Tarakimu #19
Sasa huo si msimamo wa #1 tena, huo ni wa Bukharin 😄

Kijana wa Ngarenaro #20
Jamani na China je? Mao 1958 alitaka kuipita Uingereza kwa chuma ndani ya miaka 15, wakajenga vitanuru nyuma ya nyumba, wakayeyusha mpaka sufuria.

fundi_welda #21
Na kilichotoka hakifai hata kutengenezea jembe. Chuma bila kudhibiti kaboni na salfa ni uchafu tu, ukikigonga kinavunjika. Halafu mikono yote iko kwenye tanuru, mpunga unaozea shambani.

MkulimaWaIsmani #22
Peng Dehuai alimwandikia Mao barua kwenye mkutano wa chama pale Lushan 1959 kueleza matatizo hayo, akaondolewa uwaziri wa ulinzi. Njaa ikaendelea miaka miwili mingine. Makadirio ya waliokufa China yanaanzia milioni 15 mengine yanapita 40. Na huyu Mao alikuwa ameshaona ya Urusi.

Bwana Reli #23
Na miaka tisa baada ya 1961 wameanza kutujengea TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, kwa mkopo usio na riba, imekamilika 1975. Kiwanda cha nguo cha Urafiki, Ubungo, kilikuwa kimeshafunguliwa 1968. Marehemu baba alifanya kazi na wale Wachina kwenye handaki upande wa Mlimba, alisema walikuwa wanakula kidogo sana na hawabakizi punje. Alidhani ni nidhamu ya chama. Mimi nikisoma miaka yao nahesabu, kijana wa miaka 25 mwaka 1972 alikuwa na miaka 12 kwenye ile njaa.

Mama Tunu #24
Loh.

Otis_Kisumu #25
Turudi Urusi kabla uzi haujahamia Ubungo mazima. Kuna kitu kuhusu hizi takwimu tunazorushiana. Sensa ya Januari 1937 ilitoa watu milioni 162, wakubwa walikuwa wanategemea zaidi ya 170. Pengo lile lilikuwa ni njaa. Matokeo yakafichwa, waliosimamia sensa wakakamatwa na baadhi wakauawa, ikafanyika nyingine 1939 ikaleta namba inayopendeza. Kwa hiyo hata hizo asilimia 87 za Mama Tunu mzisome mkijua aliyehesabu alikuwa anahesabu kwa woga.

Mzee wa Tarakimu #26
Nyaraka zilifunguliwa miaka ya 90 Otis, watafiti wamezichuja. Na hata hivyo hawajakubaliana. Mwanauchumi Robert Allen alipiga hesabu akaona mpango wa Soviet uliipandisha nchi kuliko ingefika yenyewe, ingawa na yeye alisema kolkhozi ilichangia kidogo. Wakaja wachumi wengine, Cheremukhin, Golosov, Guriev na Tsyvinski, wakaona kwamba kama Urusi ingefuata mwenendo wa Japani, wananchi wangekuwa na maisha mazuri zaidi. Data zilezile zinatoa majibu mawili kwa sababu yote yanategemea unadhani Urusi bila Stalin ingekuwa nini.

Kiberiti #27
Japani ilipata nafasi ya kutulia, Urusi ilikuwa na Ujerumani mlangoni. Bado sijajibiwa, vifaru vya 1941 vingetoka wapi?

Naipanoi #28
Na vingeendeshwa na nani? Mtoto aliyekufa 1933 akiwa na miaka 10, mwaka 1941 angekuwa na 18. Watoto walikufa kwa wingi. Hao ndio walikuwa jeshi lako.

Kiberiti #29
Hoja nzito hiyo. Ila Tsar alikuwa na vijana kibao mwaka 1915, bunduki hazikutosha, wengine wakapelekwa mstari wa mbele mikono mitupu wasubiri mwenzao aanguke waokote yake. Wingi bila chuma ni makaburi pia.

Mzee wa Tarakimu #30
1915 ndio, kufikia 1916 viwanda vya Tsar vilikuwa vimeongeza sana risasi na mizinga, na bado akaanguka Februari 1917. Kilichomwangusha ni mkate kutofika Petrograd, ndiyo hiyohiyo St. Petersburg. Chuma alikuwa nacho kuliko mwaka wa nyuma.

Bwana Reli #31
Mkate ulikuwepo Siberia. Mabehewa ndiyo hayakuwepo, yalikuwa yamebeba hiyo mizinga.